Nyayo za Kwato Nyumbani kwa Mzee Shaame

Bi Riziki, jirani yake, ndiye aliyemwambia Mwanakombo kwamba tajiri Shaame anakuja kumnyang'anya mbuzi, eti kala mchicha wake. Mtoto wa Mwanakombo alitegemea maziwa ya mbuzi huyo.

Shaame alipofika, Mwanakombo alimkabidhi kamba.

"Mchukue, Mzee. Mchana hana taabu."

"Na usiku?"

"Usiku nyinyi laleni tu."

Alfajiri Shaame alimrudisha mbuzi mbio mbio, anahema.

"Nyayo za kwato zimezunguka nyumba yangu, za miguu miwili, kama za mtu! Shika jini lako!"

"Masikini! Pole, Mzee wangu."

Kulipokucha, Mwanakombo aliosha mchanga kwenye miguu miwili ya mbuzi aliyoinunua buchani jana yake, akaipika supu, na bakuli moja akampelekea Mzee Shaame, atulize moyo.