Kobe Aliyegeuka Kigoda

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Mbona mnaitikia kama mna njaa? Paukwa!

"PAKAWA!"

Haya. Hapo zamani za kale, lakini si kale sana, maana pikipiki zilikuwepo, Kobe alihamia mjini kushona viatu.

Siku ya kwanza, piii! Kichwa ndani, chwip! Akakitoa. Vruuum! Chwip! Akakitoa tena. Kipaza sauti kikapita: "Dawa ya panyaaa, dawa ya mendeee!" Chwip!

"Utazoea," akasema jirani yake, Panya. "Mimi natangaziwa kifo kila asubuhi, na chai nakunywa."

Kobe hakuzoea. Moyo ulimwenda dududu. Usingizi ukamkimbia, chakula hakikushuka. Siku moja, kando ya kibanda cha Mama Bata muuza uji, kichwa kikaingia, kikagoma kutoka.

Mbuzi akafika. "Mama Bata, umenunua kigoda!" Akakaa, pu! Kesho yake akaja Nguruwe. PUUU!

 Kobe angeanzaje kusema? Aliona aibu. Wiki mbili akakaliwa, akakonda hadi gamba likampwaya. Akawaza, "Nikifia humu, hawa watanipiga msasa tu."

Ndipo akaja Kuku, jirani yake wa kijijini, na fungu la mchicha. "Mmemwona Kobe?"

"Hatumjui," akasema Mbuzi, naye amemkalia.

Kuku akatazama kigoda. Akaona alama aliyoidonoa mwenyewe, siku walipogombania mchicha. Akagonga taratibu, ko ko ko.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi ya tatu, nisipojibiwa naondoka!"

Sasa, kwao Kobe, mgeni kuondoka bila kukaribishwa ni aibu ya ukoo mzima.  Kichwa kikachomoza. "Ka... ka... karibu!"

Mbuzi akaruka, uji mwaaa! "Kigoda kinasema!"

Kobe akalia. "Naumwa, Kuku. Kelele zimenijaa kichwani, na hakuna aliyeniuliza hali."

Panya, aliyekuja mbio aliposikia mayowe, akajifuta sharubu. "Nilikudanganya, ndugu yangu. Hata mimi sijazoea. Chai nakunywa, lakini nusu inamwagika."

Tangu siku hiyo, kila asubuhi kibanda kizima kilibisha hodi kwa Kobe, naye Kobe akabisha kwa Panya. Kelele za mji hazikupungua hata kidogo. Lakini kichwa kilitoka, na mchicha ukashuka.

Basi, wakubwa kwa wadogo, jirani akijifungia msidhani ametulia. Bisheni hodi, hata mara ya tatu.

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyemkalia mwenzake, ainuke!