Kinyozi wa Mwambani

“Ahamapo kinyozi, baraza huvunjika.”

Hayo tu ndiyo maneno ambayo mwenyekiti wetu wa mtaa alimjibu yule mnunuzi wa jana, aliyekuja kutafuta samaki wadogo wa rangi wa kufugwa majumbani katika masanduku ya kioo. Mnunuzi hakuelewa, akaondoka. Nanyi vijana, mliokuwa mmekwisha kutayarisha nyavu zenu, mmenuna tangu jana, na leo mmekuja kununua mahamri yangu huku mkiniuliza kinyozi gani na baraza gani. Basi ketini. Msemo huu si wa wahenga msiowajua. Ulizaliwa katika mtaa huu huu, nami Mwanatumu nilikuwapo, tena kosa lililouzaa lilikuwa langu.

Chanzo chake ni hiki.

Kulikuwa na kinyozi akiitwa Mzee Mbaruku. Alinyolea barazani kwake, kwenye nyumba ile ya kona, na wanaume wa mtaa mzima walikutana pale, wenye nywele na wenye upara. Mmoja alikuja kunyolewa, watano walikuja kucheza bao, na wengine walikuja kunywa kahawa tu na kusikia nani kaoa na nani kaachwa. Mkewe alikuwa Bi Saumu, na Bi Saumu alikuwa somo yangu. Ndiye aliyenifunda nilipokuwa mwari, na ndiye aliyenifundisha bahari pia. Siku za bamvua, maji yanapokupwa mbali, alitangulia mbele na mshipi wake wa kuvulia, nasi wanawake tukamfuata hadi kwenye mwamba mkubwa wenye shimo la maji yasiyokauka.

Kwenye mwamba ule kulikuwa na samaki mmoja mdogo, urefu wa kidole, mwembamba, wa buluu, mwenye mstari mweusi toka mdomoni hadi mkiani. Samaki wakubwa walimjia wakapanga foleni. Tasi, changu, hata chewa mwenye mdomo kama mlango, wote walitulia mbele yake wakatanua mapezi, naye akapita akiwatoa wadudu na uchafu, mwilini na ndani ya mashavu. Walipokwisha kusafishwa walishika njia yao, na huko mbele, njiani, ndiko tulikotupa ndoana zetu. Kwenye mwamba wenyewe hatukuvua. Bibi zetu walikataza, wala hawakutupa sababu, nasi kwa heshima hatukuwauliza.

Mwaka wa pili wa ndoa yangu, Bi Saumu aliteleza mwambani akavunjika nyonga. Mzee Mbaruku alifunga kazi akampeleka hospitali Mombasa, wakakaa huko miezi miwili. Mfupa uliunga vibaya, hakuweza kutembea tena. Nao waliporudi walikuta muuza kahawa amehamia mtaa wa pili, bao limepasuka kwa jua, na wazee waliokuwa wakitaniana kila siku sasa wanaamkiana msikitini tu. Mzee Mbaruku, mtu mzima yule, alikaa kwenye baraza tupu akalia. Ilimchukua muda mrefu kuwarudisha watu.

Bi Saumu alilala chumba cha ndani, ambacho dirisha lake lilitazama ukuta wa jirani. Hakulalamikia maumivu. Alichokililia ni bahari. Kila nikienda kumwona aliniuliza maji yamekupwa hadi wapi, chewa yule mzee bado yupo, na nani siku hizi anatangulia mbele. Mumewe alisikia hayo miaka miwili, mpaka moyo ukamshinda. Akamwagiza fundi wa madirisha sanduku la kioo, akalijaza maji ya bahari, akaliweka mbele ya kitanda. Kisha akaja kwangu akaniomba samaki.

“Nataka yule mdogo wa buluu,” akaniambia. “Humtaja hata usingizini.”

Nilijua imekatazwa. Lakini mtu aliyekufunda ni kama aliyekuzaa, nami ningemletea mwamba wenyewe kama ungeingia mlangoni. Nikaenda na kipande cha chandarua, nikamnasa, na pamoja naye vitasi viwili vichanga. Bi Saumu alipowaona alinishika mikono yote miwili akaniombea dua ndefu. Sikumwambia ni yule wetu. Akadhani nimempata kwenye mwamba mwingine.

Kumfuga samaki wa maji chumvi ni kazi, msidanganyike na picha za kwenye simu. Mzee Mbaruku alibeba ndoo za maji toka pwani asubuhi na jioni. Akachukua pampu ya baiskeli, akaitia bomba la mpira, na kila baada ya muda akaingia ndani kuwapulizia samaki pumzi. Wateja wakabaki barazani wamenyolewa upande mmoja, wakimtania kwamba sasa ameoa mke wa pili na mke mwenyewe ana magamba. Naye alicheka, kwa sababu Bi Saumu alikuwa akicheka. Mwezi ule wa kwanza nyumba ile ilikuwa na furaha, nisiwafiche.

Huku mwambani mambo yalikuwa mengine. Bamvua la kwanza tulipata samaki wachache. Bamvua la pili tulikaa toka maji yalipokupwa hadi yalipojaa, tukarudi na vikapu vitupu. Wenzangu walisema ni joto, wengine wakasema ni husuda. Mimi nilichungulia shimoni nikaona maji matupu. Tasi hawapo, changu hawapo, wala chewa mzee hayupo. Nilijua sababu, nikanyamaza, na watoto wa wenzangu wakalala kwa mchuzi wa chumvi na ndimu. Hadi leo nikikumbuka, uso wangu huwaka.

Siku moja mchana nilikwenda kumfulia Bi Saumu nguo. Nikamkuta hacheki, analitazama sanduku.

“Mwanatumu,” akasema, “mbona siku hizi huniletei tasi?”

Nikamjibu kwamba samaki wamehama.

“Samaki hawahami bure. Huyu mdogo ulimtoa wapi?”

Somo hadanganywi. Nikapiga magoti kando ya kitanda nikamweleza yote. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Alimwita mumewe, naye akaja mbio na wembe mkononi, akidhani mkewe kazidiwa.

“Bwana, mtazame kinyozi mwenzio,” Bi Saumu akamwambia. “Siku za mwanzo aliwanyoa hawa wawili toka asubuhi hadi usiku. Sasa hawana tena cha kunyolewa, wamechoka, wanamkimbia. Chakula chake kilikuwa kazi yake. Mimi nalala hapa namtazama anavyokonda.”

Kweli alikuwa amekonda, rangi yake imefifia kama khanga iliyofuliwa mno. Vile vitasi vilikuwa vimejibanza nyuma ya jiwe.

“Nitamtafutia wateja wengine,” Mzee Mbaruku akasema.

“Utawatoa wapi? Utahamisha bahari yote uilete chumbani kwangu? Umesahau siku tuliyorudi toka Mombasa?”

Mzee akautazama wembe wake.

“Ulikuwa umeondoka peke yako na mgonjwa wako,” Bi Saumu akasema. “Hukumchukua muuza kahawa, hukuchukua bao, hukumchukua mzee hata mmoja, na uliporudi hukukuta kitu. Ahamapo kinyozi, baraza huvunjika.”

“Nilitaka uione bahari,” mumewe akasema taratibu.

“Nimeiona, na Mungu akulipe. Sijapata kupendwa na mtu kama ulivyonipenda wewe na ndoo zako. Lakini mimi nimefungwa na nyonga yangu, huyu amefungwa na mapenzi yetu. Mrudisheni, hata kama nitabaki na ukuta.”

Hapo ndipo liliponitoka neno ambalo sikulipanga.

“Utamrudisha mwenyewe, somo. Tutakubeba.”

Tukatazamana wote watatu. Miaka miwili na zaidi tulikuwa tumejisumbua kumletea bahari, na hakuna hata mmoja wetu aliyewaza kwamba yeye angeweza kupelekwa. Tulikuwa wanawake wenye mabega, tuliokuwa tukibeba kuni na maji kila siku, na bahari ilikuwa mwendo mfupi tu.

Kwanza nilikwenda kwa wenzangu nikaungama. Walinisema, tena walinisema vizuri, kisha wakauliza kitanda kiko wapi. Bamvua lilipofika tulimweka Bi Saumu kwenye kitanda cha kamba, wanawake wanane, ndoo ya samaki ameipakata. Wanaume barazani wakasimama wote, maana tulifanana na msiba. Yeye akawaambia, “Jeneza hubebwa na wanaume, na aliyemo hasemi. Mimi nimebebwa na wanawake, na nitasema njia nzima.” Akasema kweli njia nzima, akituelekeza wapi pa kukanyaga.

Mwambani aliinamisha ndoo polepole. Vitasi vilitoka mbio. Kinyozi wetu mdogo alibaki juu ya maji kidogo, nikadhani tumechelewa, halafu akageuka akazama kwenye ufa wake ule ule. Tukangoja. Maji yalikuwa yameanza kutupanda miguuni alipotokea changu mmoja, akatulia mbele ya ufa, akatanua mapezi. Yule mdogo akatoka kumhudumia. Bi Saumu akasema Alhamdulillahi, akalia, nasi tukalia naye, na mnibishie mkipenda, lakini sijaona tena siku nzuri kama ile.

Samaki walirudi kidogo kidogo, na bamvua la tatu vikapu vikaanza kujaa. Bi Saumu naye tulimbeba kila bamvua hadi mwaka aliotutoka, na hadi mara ya mwisho yeye ndiye aliyetangulia mbele. Hakuna aliyemwita mzigo. Tulimshukuru yeye, naye akatushukuru sisi, na wote tukamshukuru samaki wa urefu wa kidole, kwa sababu bila kosa langu na kukonda kwake, somo yangu angekufa akitazama ukuta.

Mnauliza sanduku lilikwenda wapi? Mmeliegemea. Mzee Mbaruku alinipa mimi, akasema kioo kinafaa kuwekewa kitu kisichotaka kwenda popote. Ndiyo maana tangu mkiwa wadogo mnanunua mahamri kutoka humo.

Haya, chukueni yenu, yasipoe. Kesho ni bamvua. Anayetaka kumwona samaki wa buluu mwenye mstari mweusi, mwamba uko pale pale, na miguu anayo. Nyavu aziache nyumbani. Ahamapo kinyozi, baraza huvunjika.