Kilemba Kimoja, Vichwa Vitatu

Jamani, sogeeni. Hadithi yangu haina sultani wala jini. Ina watu watatu, kila mmoja na karama yake. Bi Mwanahawa alikuwa na mlango usiofungwa. Mwalimu Semboja alikuwa na subira ya kumchosha shetani. Fundi Hatibu, kinyozi wa pale Tanga, alikuwa na moyo usioogopa maneno ya watu.

Na yupo Mbaruku. Baba yake, Sefu, alikuwa mtu wa ngumi: akimaliza kumpiga mke, anamgeukia mtoto. Mtoto naye akaenda kuzimalizia ngumi hizo kwa wenzake shuleni. Mtaa ukamkatia hukumu mapema: mtoto wa nyoka ni nyoka, huyu ataishia jela kwa damu ya mtu. Mbaruku aliyaamini hayo, na yalimtisha kuliko ngumi zenyewe.

Bi Mwanahawa alikuwa jirani. Akisikia kelele tu, alimwita mtoto kana kwamba anamtuma dukani, akamlisha, akamlaza na wajukuu zake, wala hakumuuliza kitu. Sefu akamtukana. Yeye akazidi kupika.

Mwalimu Semboja alimkuta amemchoma mwenzake mkono kwa bikari. Wazazi wa aliyechomwa walitaka Mbaruku afukuzwe. Mwalimu akakataa, na kila alasiri akabaki naye darasani, mara wakisoma, mara wamenyamaza tu. Walimu wenziwe walimcheka kwamba anafuga chui.

Fundi Hatibu alimchukua ujanani, kijana hana kazi na ameanza kuandamana na wanaobeba visu. Wateja wakanuna: huyu ndiye wa kupewa wembe? Wengine wakahama. Fundi akaketi kitini, akainua kidevu.

"Anza na koo langu," alisema.

Sefu alikuwa ameuhama mji zamani. Siku moja akarudi, mzee, mgongo umepinda, akaingia kunyoa ndevu. Hakumjua mwanawe. Mbaruku alimjua tangu mlangoni. Akampaka sabuni, akaanza mashavu, akafika kooni, na mkono ukasimama. Alikuwa anaukumbuka uso wa mama yake ulivyokuwa ukivimba. Fundi aliona yote kwenye kioo, wala hakumwondoa. Kisha wembe ukaendelea taratibu mpaka mwisho, na Mbaruku akamfuta mzee kwa kitambaa cha maji ya moto.

"Mkono wako mwepesi, mwanangu," Sefu alisema. "Nani kakufunza?"

Mbaruku akamfungulia mlango. Mzee alipoondoka, kijana alikwenda uani akalia kwa furaha, maana maisha yake yote alikuwa akijiogopa mwenyewe.

Siku hiyohiyo fundi akatangaza kwamba kijana amehitimu. Na desturi ni kwamba mwanagenzi akihitimu humvika kilemba aliyemfunza, mbele za watu. Mbaruku akanunua kilemba cheupe, akawaita wote watatu. Alipomsogelea fundi, fundi akamzuia.

"Kuushika wembe nimekufunza mimi. Kuuzuia, sijui kakufunza nani."

Bi Mwanahawa akacheka, akasema basi kilemba ni chake, kwani angeufunga mlango wake mtoto angekufa kabla ya kufika kwa mwalimu. Mwalimu akasema kwa upole kwamba kama naye angemfukuza shule, fundi angemkutia wapi kama si gerezani? Hapo fundi akakuna kidevu, akaona amekikataa kilemba haraka mno. Akasema bila kupewa wembe, Mbaruku angeingia kaburini hajui kwamba yeye si Sefu.

Hakuna aliyesema uongo. Na kilemba, ukikichana vipande vitatu, ni matambara.

Mbaruku bado amesimama nacho mkononi, machozi yanamlengalenga, na wote watatu anawapenda. Swali la baba yake halijapata jibu, na watu wanasubiri.

Haya, nyie mnaonisikiliza: ungekuwa wewe, ungemvika nani?