Kinyozi Aliyetolewa Kwenye Grupu

Wapendwa, kabla hatujaendelea nina dada mmoja nataka mumwone. Msianze kumtafuta kwa macho humu ndani, hayumo. Nimemtunga mwenyewe jana nikipiga pasi kanzu hii. Lakini nikimaliza, mtaniambia wenyewe kama hamumjui.

Dada huyu alikuwa akipika uji. Mnazijua hospitali zetu. Mgonjwa mwenye ndugu huletewa chakula kwenye hotpoti asubuhi na jioni, na asiye na ndugu hulala akisikiliza vijiko vya wenzake. Jambo hilo lilimuuma sana dada wa watu. Akawashawishi wanawake watatu wa mtaani kwake, na kila Jumamosi wakawa wanabeba ndoo ya uji wa lishe hadi wodini, kuwalisha wale wasio na mbele wala nyuma. Uji ulitosha. Mikono ndiyo haikutosha. Kuna wa kulishwa, kuna wa kuogeshwa, kuna wa kufuliwa shuka, na mkono mmoja haulei mwana.

Basi akaingia mtandaoni. Nyie wazee mliokunja uso hapo mbele, kunjueni, maana alifanya vizuri. Alipiga picha ya kikombe kitupu juu ya kikabati cha mgonjwa, sura ya mtu hakuipiga, akaandika chini yake kwamba mwenye kikombe hiki hajala tangu jana, je, Jumamosi una nafasi? Jamani, picha ile ilitembea. Watu waliirusha huku na huku, na kufika jioni dada ameshafungua grupu, namba ngeni zinamiminika. Alikuwa na kipaji. Waliokuja aliwapiga picha, akawapamba kwa maneno matamu, na aliyesifiwa leo, wiki ijayo alikuja na rafiki yake. Wagonjwa wakala. Nasema kweli, wapo waliotoka mle wodini kwa miguu yao kwa sababu ya simu ya yule dada.

Miongoni mwa walioletwa na kikombe kile alikuwamo kinyozi. Mtu mzima, mchekeshaji, anakuja na mkoba wake wenye mashine, mkasi na poda. Aliwanyoa wanaume ndevu, akawakata kucha, huku akiwaambia kwamba anawatengeneza waende kuchumbia, na mzee ambaye hajatabasamu tangu alazwe utamkuta anacheka mpaka anakohoa. Kwenye grupu hakuwa na maneno mengi. Ijumaa dada akiuliza kesho nani yupo, yeye aliandika "Nipo", basi. Kwenye simu ya dada alihifadhiwa kama Kinyozi Jumamosi. Jina lake nani? Hakuna aliyeuliza. Anakaa wapi? Nani ana muda huo, na uji unapoa?

Jumamosi moja kinyozi hakuja. Ya pili hakuja. Ingekuwa nyie mngefanyaje? Msinijibu haraka, nawajua. Dada aliandika mtandaoni kwamba anatafutwa kinyozi wa kujitolea, na kabla uji haujachemka vinyozi wameshajitokeza. Mmoja wao kijana, ana aproni nyeusi, kwenye picha anapendeza ajabu. Ndevu zikanyolewa, pengo likazibika. Dada akamshukuru Mungu, na nadhani hata mimi ningemshukuru.

Sasa grupu lilikuwa limejaa, na mnajua grupu likijaa. Ijumaa ni Amina tupu, mikono ya kuomba na mioyo myekundu, Jumamosi huwaoni. Dada akachoka, na alikuwa na haki ya kuchoka. Akaamua kusafisha. Akaandika kwamba hataki watazamaji, asiyejibu hadi kesho jioni anatolewa, asiyekuwepo na lake halipo. Kesho yake jioni akakaa na chai yake, akaanza kupitia namba. Huyu kimya, toka. Huyu naye kimya, toka. Alikuwa anachambua watu kama anavyochambua mchele. Akafika kwa Kinyozi Jumamosi. Alisita kidogo, nisimwonee. Kisha akamtoa, akanywa chai.

Zikapita wiki kadhaa. Siku moja muuguzi wa zamu akamwita pembeni. Kaletwa mgonjwa na mwenye nyumba wake, kapooza upande mmoja, ndugu hawajulikani, na chakula anakataa. Je, dada hawezi kumtangaza kwenye mitandao yake, labda akatokea mtu? Dada akasema hilo ni dogo. Akaenda hadi kitanda cha mwisho, kikombe cha uji mkono mmoja, simu mkono wa pili. Akamkuta mtu amekonda, nywele timutimu, ndevu zimefunika mashavu, mdomo umekwenda upande. Akamwinamia kwa heshima.

"Shikamoo baba. Una ndugu yeyote nimtafute mtandaoni?"

Mgonjwa alijitahidi kujibu. Ulimi ulikuwa mzito, maneno yakawa yanatoka moja moja.

"Ndugu nilikuwa nao wengi, mwanangu. Wewe ndiye uliyenitoa."

Dada hakuelewa. Akadhani ni ugonjwa unaongea. Yule mtu akainua mkono wake wa kushoto, akaelekeza kwa wagonjwa wenzake kitanda hadi kitanda.

"Mimi ndiye niliyekuwa nawanyoa hawa. Tangazo lako nililisoma. Mkono wa kulia ulishakufa, na ulimi haukuwa umefunguka. Nikawa natafuta herufi kwa huu wa kushoto. Sijamaliza, nikaona nimetolewa. Nikasema sawa, labda wamesikia siwezi kazi tena."

Wapendwa, ndipo dada akamtambua. Hebu fikirini. Wiki zote zile mtu amelala chumbani peke yake, jirani anamwekea maji na kipande cha muhogo, na simu iko kifuani. Anaziona picha. Anamwona kinyozi mpya anavyosifiwa, anaona watu wanavyocheka, na anasubiri hata mmoja aulize yule wa kwanza yuko wapi. Hakuuliza hata mmoja. Watu waliokuwa wanatafuta wagonjwa mji mzima!

Na bado hamjasikia la kutisha. Dada alipiga magoti pale kitandani amwombe msamaha. Sasa mtu ukitaka kumwomba msamaha si unaanza na jina lake? Dada alifungua kinywa, akatafuta, na jina hakuna.

Ninawaacha hapohapo, amepiga magoti. Msije kuniuliza mlangoni kama kinyozi alipona, maana mnapenda sana kujua mwisho wa mambo ya wenzenu. Mimi nauliza ya kwetu. Mtandao hauna kosa, wapendwa. Mtandao ndio uliomleta kinyozi, na tuutumie, tuwaite watu kwa kila njia. Ila mtu akishaitika, ni nani kati yetu anamfuata mpaka kwake? Sisi tuna grupu la kwaya, la vijana, la akina mama, la ujenzi. Tunamjua vizuri asiyetoa mchango, hatumjui asiyeinuka kitandani. Nami nimo humo, naona. Namba imejiondoa, na papo hapo chini yake mtu anatuma picha ya maua, habari za asubuhi wapendwa. Hakuna anayeshtuka! Wahenga walisema kimya kina mshindo mkuu, na sisi mshindo huo tumeufanya usingizi.

Kila Jumapili nawaambia mzime simu. Leo zitoeni. Zitoeni, si utani. Fungua grupu lako, mtafute aliyenyamaza. Usimwandikie, mpigie. Akipokea, usimuulize kwa nini siku hizi haonekani, hilo ni swali la polisi. Mwite kwa jina lake, halafu nyamaza umsikilize. Na wewe usiyelijua jina lake, inuka, toka nje sasa hivi, uliza mpaka uonyeshwe anapokaa, uende. Sitakuhesabia kwamba umekosa ibada.

Kwaya, mbona mnasimama? Kaeni. Nanyi pigeni simu.