Mbegu Zilizotunzwa Kifalme

Hapo zamani, enzi watawala walipojua kila kitu na raia wakalala njaa, palikuwa na Sultani aitwaye Shekuwe. Siku moja alipita mjini, akaona mashuke ya mtama wa mbegu yametundikwa jikoni juu ya meko, meusi kwa masizi. Akachukizwa mno.

"Chakula changu cha kesho kikae moshini?" akafoka. "Mbegu zote ziletwe kwangu, zitunzwe kama ninavyotunzwa mimi!"

Basi zikalazwa juu ya magodoro, katika chumba kilichopakana na hamamu, chenye joto na mvuke, zikanyunyiziwa marashi asubuhi na jioni. Mawaziri wakasifu hadi mate yakawakauka. Mvua ilipokuja, watu wakagawiwa mbegu zenye ukungu, wakapanda, wasione hata chipukizi moja. Ikawa kilio mji mzima.

"Wameziroga!" akanguruma Sultani. Akamwita Chande, fukara asiyemiliki kitu ila ulimi wake. "Wewe ulicheka mbegu zangu zilipopita. Ziulize kwa nini hazioti, uniletee jibu. Ukishindwa, kichwa chako halali yangu."

Chande akainama. "Ewe Bwana wangu, hizo zilizosalia chumbani ni mbegu za kifalme, hazisemi na mtu kama mimi. Zitasema na Sultani peke yake, naye akae zinapokaa."

Sultani akavimba kichwa, akaingia, mlango ukafungwa. Watumishi, kwa kuwa hakuna aliyewaambia waache, wakaja wakamnyunyizia marashi kama kawaida yao. Haikufika adhuhuri, akawa anautwanga mlango kwa ngumi.

"Nifungulieni! Joto! Majimaji! Nusura nife humu!"

"Alhamdulillahi," akasema Chande, "zimesema."

Sultani akamkazia macho, kisha akacheka mpaka kilemba kikamwanguka. "Na sasa tutapanda nini, mlaaniwa wewe?"

"Jikoni kwangu yamo mashuke machache, machafu, makavu kama kuni. Niliyaficha, Bwana wangu, kwa kuwa napenda kula. Na majirani zangu, wakisamehewa, watakumbuka walikoficha yao."

Wakasamehewa wote, Chande akavishwa joho, na mtama ukaota. Mawaziri nao, siku ileile, wakaanza kuapa kwamba moshi wanukia kuliko udi. Sultani akafurahi kusikia hayo, akawaamuru wahamie jikoni, wakae karibu na meko hadi mavuno.