Bendi ya Umande na Kiboko Aliyetaka Kuwa Ngoma

Paukwa!

— Pakawa!

Huyo wa nyuma hajaitika. Paukwa tena!

— Pakawaaa!

Haya. Aliyekuja na masikio ayafungue. Aliyeyasahau nyumbani akae karibu na mwenzake.

Hapo zamani palikuwa na bendi changa iliyoitwa Umande. Wanabendi walikuwa watatu. Kigogota alipiga gogo kavu kwa mdomo wake: ko-ko-ko! Chura alipiga besi kwa koo: kro! kro! Na Nyenje, mdogo kuliko wote na kiongozi wao, alisugua mbawa: kriii, kriii!

Siku hizo muziki wa mwituni ulikuwa wa vishindo. Tembo alipuliza, Nyati alikanyaga, na aliyekwenda kucheza alirudi na maumivu ya kichwa. Umande walipiga polepole. Ko-ko-ko, kro, kriii. Ukiwasikiliza, mabega yalianza kutikisika kabla hujaamua kucheza. Swala vijana wakasema, "Huu sasa ndio muziki wetu!" Wazee wakasema, "Mbona hauna kelele?" Kisha nao wakatikisa mabega.

Basi Twiga akawaalika wapige kwenye harusi ya binti yake, uwanjani kando ya mto. Hawakuwa wamealikwa harusini hata mara moja. Chura alifurahi mpaka akakosa usingizi.

Habari zikamfikia Kiboko. Uwanja ulikuwa wake, mto wake, hata matope yake. Akatoka majini, pwaa! akasimama mbele yao.

"Shikamoo, Mzee Kiboko," akasema Nyenje.

"Marahaba. Kuanzia leo bendi hii ni yangu."

"Yako vipi, mzee?"

"Mnapiga kwenye uwanja wangu, basi sauti ni yangu. Mtapiga nikitaka, mtanyamaza nikitaka, na kila ubeti mtataja jina langu. Mkikataa, nalikanyaga gogo, namkanyaga Chura, na wewe nakukanyaga bila hata kujua kwamba nimekukanyaga."

Chura akanywea. Kigogota akaficha mdomo chini ya bawa. Nyenje naye aliogopa, tusidanganyane. Aliiona bendi yao inakufa hata harusi moja haijapigwa. Lakini akalitazama lile tumbo la Kiboko, kubwa, la duara, likamjia wazo.

"Mzee, kutajwa tu hakukutoshi wewe," akasema. "Bendi yetu imekosa ngoma kubwa. Na tumbo hilo... hebu Kigogota, ligonge."

Ndu! likasema tumbo.

Kiboko akatabasamu mpaka magego yakaonekana. "Ndu," akarudia mwenyewe. "Kumbe ni tamu!"

"Ukiwa ngoma kuu, bendi yote itakufuata wewe."

"Yote?"

"Yote. Ila desturi ya ngoma unaijua, mzee. Ngoma huoteshwa jua na moto kwanza, ngozi ikaze. Na ngoma haiingii majini. Ikilowa imeharibika, haina nafasi tena kwenye bendi."

"Nani asiyejua hayo?" akasema Kiboko. Hakuyajua. Lakini mkubwa mzima atakubalije mbele ya mdudu kwamba kuna jambo halijui?

"Nimewasikia," akasema Twiga kutoka huko juu, maana yeye husikia mambo ya kila mtu.

Siku ya harusi jua likawaka kweli. Kiboko akalala chali katikati ya uwanja tangu asubuhi. Wageni wakaanza kuingia.

"Mzee, imekaza?" akauliza Nyenje.

"Imekaza! Pigeni!"

Kigogota akagonga kidogo tu. Bu.

"Bado, mzee. Hiyo ni sauti ya gunia."

Jua likapanda. "Mzee, imekaza?"

"Imekaza! Pigeni!"

Bu.

"Bado, mzee. Tukuwashie moto kidogo?"

Moto ukawashwa ubavuni. Ngozi ya Kiboko, iliyozoea maji tangu kuzaliwa, ikakauka. Ikavutana. Ikaanza kupasuka, ta! ta!

"Inauma, Nyenje!"

"Ndiko kukaza kwenyewe, mzee."

Muziki ukaanza. Ndu-ko-ko, kro, kriii! Wageni wakapiga vigelegele. Kiboko akavumilia ubeti wa kwanza huku machozi yanamtoka. Ubeti wa pili Kigogota akagonga palepale palipopasuka.

"Yalaaa!" Kiboko akakurupuka, akapita katikati ya wageni, akapindua mtungi wa togwa, akajitupa mtoni. Chubwi!

Twiga akainamisha shingo, akachungulia maji.

"Ngoma imelowa," akasema.

"Imelowa!" wakaitika wageni wote.

Kiboko akatoa pua. "Lakini bendi ni yangu!"

"Si ulisema desturi unaijua, mzee?" akauliza Nyenje kwa adabu zote.

Kiboko akafungua mdomo aseme hakuijua. Akawaona wageni wanavyomsubiri aseme. Akaufunga, akazama taratibu. Umande wakarudi kwenye gogo lao, wakapiga mpaka bibi harusi akavua viatu. Nyenje alifurahi, wala hakuficha. Na Kiboko hushinda majini mchana kutwa mpaka leo, na ukimuuliza atakwambia anapenda tu baridi.

Funzo ni hili: enyi wasanii chipukizi, msijifanye wajanja. Mkubwa akitaka kuingia kwenye bendi yenu, mpeni nafasi ya mbele kabisa, mumwoteshe na moto, asije akapata baridi.

Hadithi yangu nimeitua hapa. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka anisaidie kukunja mkeka.