Bi Kazija, Somo wa Mwatumu

Paukwa!

Pakawa!

Hapo kale, babu zetu wangali wakibebwa mgongoni, palikuwa na kijiji, na kijijini palikuwa na mfinyanzi, mjane mwenye mvi, jina lake Bi Kazija.

Kijijini humo alikuwako mtoto wa kike, Mwatumu, wa miaka minane. Mwaka wa njaa mama yake alikwenda ng'ambo ya milima kutafuta chakula, akamwacha kwa shangazi yake. Akamwambia, "Nitarudi." Mvua zikanyesha, mavuno yakaja, mama hakurudi. Mwatumu akawa anaketi kando ya njia ya milimani, tangu asubuhi hadi jua kuzama. Hachezi. Hasemi. Ukimgusa, anauma.

Shangazi akachoka. Wazee wakakaa barazani, wakasema, "Mtoto huyu apelekwe kwingine."

Bi Kazija akauliza, "Kwingine wapi?"

Wazee wakaanza kuinuka. Bi Kazija akawazuia.

"Basi niachieni mimi. Nitakuwa somo wake, mlezi na mwalimu wake."

"Hata si wa ukoo wako."

"Najua."

Kesho yake akabeba udongo wake hadi kando ya njia. Akaketi. Akanyamaza. Akakanda: pu, pu, pu. Siku ya pili akaketi, akanyamaza, pu, pu, pu. Siku ya tatu vivyo hivyo. Siku ya saba Mwatumu akasema:

"Bibi, mbona hufinyangi kwako?"

"Kwangu wewe hupo."

Mtoto akatazama njia. Akatazama udongo. "Nipe kidogo," akasema.

Akafundishwa kutwanga vigae vya vyungu vilivyovunjika na kuvichanganya na udongo, kuinua ukuta wa chungu kwa vidole, kuulainisha kwa gunzi la hindi. Chungu chake cha kwanza hakukingoja kikauke. Alikitia motoni kibichi. Paa! Kikapasuka. Mwatumu akalia hadi akakaukiwa sauti.

"Kila nilicho nacho kinaniondokea."

"Aliyekwenda siwezi kumrudisha, mjukuu wangu," Bi Kazija akasema. "Chungu tutafinyanga kingine."

Wakafinyanga kingine.

Miaka sita ikapita. Mwatumu aliacha kwenda njiani, akawa anakaa kwa Bi Kazija. Akajua kucheka, akajua kuimba akikanda. Ndipo siku moja mama yake akatokea, mtoto mchanga mgongoni. Huko ng'ambo alikuwa ameolewa. Akasema, "Nimemfuata mwanangu."

Mwatumu akakimbilia kwa Bi Kazija.

"Bibi, nikatae?"

Mikono ya Bi Kazija ikasimama juu ya udongo. Moyo wake wote ulitaka kusema, kataa. Kisha akasema:

"Ulimlilia sana. Nenda."

"Na wewe?"

"Mimi nitakuwa na hamu nawe. Nenda hivyo hivyo."

Akaenda. Jioni ile Bi Kazija akapakua sahani mbili. Akaketi akiitazama ya pili mpaka ikapoa.

Masika manne yakapita, Mwatumu akarudi, sasa msichana mkubwa, ametembea siku tatu. Akakuta nyumba ya Bi Kazija imefungwa. Shangazi yake akamwambia, "Tulimzika mwezi uliopita. Alikuwa akimwuliza kila mpita njia habari zako."

Mwatumu akaenda kaburini, akaketi. Akanyamaza mpaka jua likazama.

Hakurudi ng'ambo tena. Aliifungua nyumba ile, akafinyanga humo. Mtoto asiye na wa kuketi naye, Mwatumu alimfuata alipo, akaketi naye. Akalea mmoja, akalea wa pili, akalea wengi, mpaka naye akazeeka.

Na wanasema, hata mvi zilipomjaa, chungu kikimshinda aligeuza kichwa upande, kinywa kikafunguka, "Bibi, hapa nifanye..." Kisha akakumbuka. Watoto wakangoja. Akakirudia chungu chake taratibu.

Basi wasikilizaji wangu, si lazima mtoto atoke tumboni mwako ndipo uketi naye. Na wewe uliyeketiwa, hamu haitaisha. Keti na mwingine.

Hadithi yangu mimi inakomea hapa.